Ganzi isiyoisha mikononi na miguuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa wa Ibanda, Kadutu na Bagira hurudia wanapofika kwenye kituo cha afya wakilalamikia ganzi, michomo au moto katika viungo. Majibu yanasaidia kujiandaa kwa uchunguzi, lakini hayachukui nafasi yake. Mwenye dalili iliyoanza ghafla aanze na swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Ganzi inaacha lini kuwa jambo la kawaida?

Mtu akikalia mguu wake muda mrefu wakati wa ibada, neva hubanwa, mguu hufa ganzi, na baada ya dakika chache za kuunyoosha kila kitu hurudi sawa. Hilo halihitaji daktari. Tunachozungumzia hapa ni ganzi inayodumu kwa wiki kadhaa, au inayorudi kila siku au kila usiku: hali ya kuchomwachomwa na sindano, ya sisimizi wanaotembea chini ya ngozi, ya nyayo kuwaka moto chini ya blanketi, au ya kuhisi kwamba umevaa soksi ilhali miguu iko mitupu. Ganzi ya namna hiyo ni ishara kwamba neva imeumia au imebanwa mahali fulani kati ya ngozi na ubongo. Si ugonjwa wenyewe, na kwa hiyo haina dawa moja.

2. Kwa nini muuguzi ananiuliza sana ganzi iko wapi, badala ya kunipa dawa?

Kwa sababu mahali ilipo ganzi ndipo panapoelekeza kwenye chanzo chake, na jibu sahihi linaweza kukuokolea fedha za vipimo visivyohitajika. Ganzi inayoanzia vidole vya miguu yote miwili kwa usawa na kupanda polepole kwa kawaida inatokana na jambo linalogusa mwili mzima: sukari, pombe, upungufu wa vitamini, VVU au dawa. Neva zinazofika kwenye vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, basi ndizo zinazoumia kwanza. Mikono hufuata pale ganzi inapokaribia magoti.

Ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete huelekeza kwenye kifundo cha mkono (swali la 9). Ikishika kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete, neva imebanwa kwenye kiwiko, jambo linalowapata watu wanaoegemea meza siku nzima. Ganzi inayoshuka mguu mmoja kutoka takoni hadi unyayoni hutoka mgongoni (swali la 10). Doa moja la ngozi lisilohisi ni habari nyingine kabisa (swali la 12), na mstari wa michomo upande mmoja wa ubavu unaweza kuwa mkanda wa jeshi unaotangulia malengelenge yake kwa siku chache.

Kabla ya kwenda kituoni, chora mwili kwenye karatasi, mbele na nyuma, na utie rangi mahali unapohisi ganzi. Andika pembeni ilianza lini na inazidi saa ngapi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko nusu ya vipimo tunavyoombwa kuandika.

3. Je, maana yake ni kwamba nitapooza?

Mara nyingi hapana. Sababu nyingi za ganzi ya muda mrefu huharibu hisi zaidi kuliko nguvu. Udhaifu wa kweli, yaani mguu unaoburuta au mkono usioweza kushika kikombe, ndio unaobadilisha uzito wa jambo.

4. Ni lini niende hospitali leo hii bila kungoja?

Ganzi ya upande mmoja wa mwili iliyoanza ghafla, hasa ikiambatana na mdomo kupinda au maneno kukwama, ichukuliwe kuwa kiharusi, na kila saa ina maana. Ganzi inayopanda kutoka miguuni kwa muda wa siku chache pamoja na kulegea, mara nyingi wiki moja au mbili baada ya kuhara au mafua, inaweza kufikia misuli ya kupumulia. Mgonjwa wa namna hiyo alazwe hata kama bado anatembea. Ganzi ya sehemu za siri na za ndani ya mapaja, pamoja na kushindwa kukojoa au kujizuia, inaonyesha kwamba neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na upasuaji ukichelewa madhara hubaki. Maumivu ya mgongo ya miezi mingi, homa za jioni, kukonda na miguu inayolegea vinaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo.

## Sababu tunazokutana nazo zaidi

5. Sina kiu wala sikojoi sana. Inawezekana vipi iwe sukari?

Inawezekana kabisa. Kisukari cha watu wazima huweza kukaa kimya kwa miaka, na wengine hugundua kwamba wanacho kwa sababu ya nyayo zinazowaka usiku. Kwa hiyo kila mwenye ganzi ya miguu yote miwili apimwe sukari asubuhi kabla ya kula: 126 mg/dl au zaidi, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari.

Kudhibiti sukari hupunguza kasi ya uharibifu, lakini ganzi iliyokwisha kukaa miaka mingi haiondoki yote. Mwenye kisukari anayetumia metformini kwa muda mrefu aulizie pia vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Si kila ganzi ya mwenye sukari inatokana na sukari.

6. Ninatumia dawa za TB au za VVU, na ganzi ilianza baadaye. Niache dawa?

Usiache. Katika dawa za kifua kikuu, isoniazidi huingilia kazi ya vitamini B6, na neva huumia hasa kwa wajawazito, wanywaji wa pombe, wenye lishe duni, wenye kisukari na wenye VVU. Kinga yake ni rahisi: piridoksini, yaani B6, miligramu 10 hadi 25 kwa siku, inayoanza pamoja na tiba. Ukianza kuhisi michomo, mwambie anayekupa dawa siku hiyo hiyo, ili aongeze B6 badala ya wewe kuruka vidonge na kuifanya TB kuwa sugu.

Kuhusu VVU, virusi vyenyewe huumiza neva. Zamani stavudini nayo iliumiza watu wengi, hadi Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iondolewe polepole. Mchanganyiko wa leo wenye dolutegraviri hauko katika kundi hilo, ingawa waliotumia stavudini wakati ule wanaweza kuwa bado na ganzi iliyobaki.

7. Kuna dawa nyingine za kawaida zinazoleta ganzi?

Zipo, na baadhi huuzwa bila karatasi ya daktari. Metronidazoli ikinywewa wiki nyingi mfululizo, siprofloksasini, na B6 yenyewe ikizidi (swali la 16) zinajulikana kwa hilo. Baadhi ya dawa za saratani pia huleta ganzi. Weka maganda ya vidonge vyote ulivyotumia miezi sita iliyopita ndani ya mfuko na uyapeleke kituoni, pamoja na yale unayoona haya kuyaonyesha.

8. Chakula na pombe vina sehemu gani?

Kubwa kuliko watu wanavyokubali. Pombe hudhuru neva yenyewe na pia huchukua nafasi ya chakula. Anayekunywa kasiksi au kanyanga kila jioni na kula bugali kidogo usiku hupungukiwa na vitamini B1, na miguu huanza kuwaka. Hakuna kidonge kitakachoshinda chupa ikiwa chupa inaendelea.

Vitamini B12 hupatikana katika vyakula vya wanyama pekee. Sombe, yaani majani ya mihogo, ni chakula kizuri, lakini haina B12. Mtu mzima mwenye afya huwa na akiba ya miaka kadhaa katika ini, ndiyo maana upungufu huonekana taratibu: ganzi, kuyumba gizani, usahaulifu, ulimi mwekundu laini. Wazee ambao tumbo lao halifyonzi tena vizuri, na waliokatwa sehemu ya tumbo, wako hatarini zaidi. Kwa bahati nzuri ziwa letu linatupa sambaza, samaki wadogo wanaoliwa wazima na miiba yao, wenye B12 na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Mayai, maziwa na maini nayo yanafaa. Lakini tumbo likiwa ndilo lisilofyonza, sambaza hawatatosha na sindano inahitajika.

Jambo moja la kuepuka: kunywa asidi foliki peke yake kwa miezi kwa sababu ya kukosa damu. Damu inaweza kupanda huku upungufu wa B12 ukiendelea kula neva kimyakimya.

9. Mkono unanishtua usiku hadi naukung'uta. Ni nini?

Hiyo ndiyo picha yake hasa: mama anaamka usiku wa manane, anakaa ukingoni mwa kitanda na kukung'uta mkono, vidole vikarudi, akalala, kisha vikaanza tena. Neva ya kati imebanwa ndani ya njia yake nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Huwapata zaidi wanawake, mafundi cherehani, wasusi, wanaofua kwa mikono na madereva wa pikipiki. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na kisukari pia huileta, kwa hiyo mikono yote miwili ikishikwa, ni vyema kupima.

Tiba ya kwanza ni gango la kulala nalo, linalonyoosha kifundo bila kukikunja mbele wala nyuma, kwa wiki sita hivi. Fundi wa viungo anaweza kulitengeneza. Hata ubao mwembamba uliofungwa kwa bandeji laini husaidia. Lisipofaa, kuna sindano ya kotikosteroidi mahali hapo, na mwishowe upasuaji mdogo. Nyama ya chini ya dole gumba ikianza kukonda, usingoje tena.

10. Ninabeba mizigo. Mgongo wangu ndio unaoleta ganzi ya mguu?

Ikiwa ganzi inashuka mguu mmoja, inazidi ukikohoa au ukiinama, inaelekea kuwa hivyo: diski kati ya pingili imesukumwa na kugusa mzizi wa neva. Wanawake wanaopandisha magunia kutoka ziwani hadi masokoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso wanaumiza pia shingo, na ganzi yao inaweza kushuka mikononi. Visa vingi hutulia ndani ya wiki chache kwa kupunguza mzigo na kuendelea kutembea. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Tunajua kwamba kumwambia anayekula kwa mgongo wake apumzike ni rahisi kwa anayesema. Kugawa mzigo katika safari mbili ni ushauri dhaifu, lakini ndio unaoweza kufuatwa.

11. Ganzi ilianza mara baada ya sindano ya takoni.

Neva kubwa ya mguu hupita ndani ya tako, na sindano ya kwinini au diklofenaki ikichomwa vibaya huiumiza. Umeme hushuka mguuni papo hapo, na baadaye unyayo unaweza kushindwa kuinuka. Rudi kwa daktari siku hiyo, si kwa yule aliyekuchoma barazani. Mazoezi huanza mapema, pamoja na kifaa cha kuinua unyayo.

12. Nina doa lisilohisi. Je, ni ukoma?

Linaweza kuwa. Funga macho, mtu akuguse kwa ncha ya pamba mara ndani ya doa, mara nje yake, nawe uonyeshe kwa kidole mahali ulipoguswa. Doa lililopauka au jekundu ambalo halihisi pamba linahitaji uchunguzi wa ukoma, hasa ikiwa neva ya nyuma ya kiwiko imevimba kama kamba. Ukoma bado upo Kongo na unatibika: mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 au 12, unaotolewa bure. Anayetibiwa huacha upesi kuambukiza, basi hakuna sababu ya kumtenga. Neva iliyoumia hivi karibuni inaweza kuokolewa kwa prednisoloni, ndiyo sababu ya kutongoja.

13. Jirani anasema nimepewa karuho, yaani sumu ya kutiliwa na adui. Nianze na dawa ya kutapisha?

Hatutabishana na hofu ya mtu aliye katika ugomvi wa kiwanja. Lakini dawa za kutapisha na kuharisha hukausha mwili, huharibu figo, na huchelewesha kipimo cha sukari ambacho kingeeleza miguu yako. Pima kwanza.

Sumu zinazoumiza neva zipo kweli, na kwa kawaida hazitiwi kwenye glasi na adui. Zebaki inayochomwa kutenganisha dhahabu, kama inavyofanyika kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Kamituga, huingia kwa mvuke na kuleta kutetemeka na ganzi. Risasi ya betri kuukuu zinazoyeyushwa nyumbani nayo haina huruma. Mwambie daktari kazi yako.

14. Na mihogo?

Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi. Ugonjwa wa konzo unaotokana nayo, ambao umeonekana pia Kivu ya Kusini, hukakamaza miguu yote miwili ghafla, hasa kwa watoto na wanawake wenye lishe duni. Hauanzi na ganzi ya polepole. Kuloweka kwa siku tatu nzima na kukausha vizuri juani ndiko kinga, hata pale njaa inapoharakisha mikono.

## Uchunguzi na tiba

15. Nianze na vipimo gani, na kwa nini wananituma Sosame, kituo cha magonjwa ya akili?

Uchunguzi wa mikono ya daktari hutangulia: pamba, ncha, chuma chenye umbo la uma kinachotetemeshwa na kuwekwa juu ya kidole gumba cha mguu, na nyundo ya magoti. Ukisema umeacha kuhisi mtetemo huku daktari angali anauhisi kwenye vidole vyake, hilo ni jibu tayari. Kisha hufuata sukari, picha ya damu (chembe nyekundu kubwa kupita kiasi huashiria upungufu wa B12), figo, VVU, na tezi ikihitajika. Skana na kipimo cha umeme wa neva ni ghali na hupatikana mahali pachache. Viombwe pale tu ramani ya swali la 2 inapoelekeza huko.

Kutumwa Sosame hakuna maana kwamba una wazimu. Magonjwa ya neva na ya akili hutibiwa chini ya paa moja katika vituo vingi vya nchi yetu, na wenye kifafa wanalijua hilo zamani.

16. Sindano za vitamini B zinazouzwa kila mahali zinafaa?

Zinafaa kwa mwenye upungufu. Kwa mwingine ni rangi nyekundu ndani ya bomba na fedha iliyopotea. Ubaya zaidi ni kwamba B6 nyingi kwa miezi huharibu neva ileile inayodaiwa kutibiwa, na mgonjwa huongeza dozi kadiri ganzi inavyozidi. Mwenye upungufu wa B12 uliothibitishwa hupewa B12 pekee, kwa ratiba ya daktari, pengine maisha yake yote.

17. Parasetamoli haisaidii. Kuna nini kingine?

Maumivu ya neva hayasikii sana parasetamoli wala ibuprofeni. Dawa ya bei nafuu ni amitriptilini, inayoanzishwa kwa miligramu 10 au 25 usiku na kupandishwa taratibu. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, na hukausha mdomo. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa asiianze mwenyewe. Gabapentini ni mbadala. Dawa hizi hutuliza moto na michomo. Hazirudishi hisi iliyopotea.

18. Neva huchukua muda gani kupona?

Neva iliyokatika, ikiota tena, huenda takribani milimita 1 kwa siku. Kutoka takoni hadi unyayoni ni zaidi ya miaka miwili. Iliyobanwa tu hupona haraka zaidi. Mara nyingine michomo huzidi kidogo wakati hisi inarudi, na hilo si ishara mbaya.

19. Nitunzeje miguu isiyohisi?

Iangalie kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Kioo kidogo kikiwekwa sakafuni kinatosha. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa: tumeona mtu aliyetembea siku nzima na kizibo cha chupa kikimchimba kisigino, akagundua alipoona damu kwenye soksi. Jaribu maji ya kuoga kwa kiwiko. Usiote moto wa mbabula kwa miguu wakati wa baridi ya mvua, kwani ngozi isiyohisi huungua bila kukuonya. Usitembee peku hata uani. Kidonda chochote kionyeshwe ndani ya siku moja.

## Hali za pekee

20. Nina mimba na mikono inakufa ganzi.

Maji ya mwilini huongezeka na kubana neva ya kifundo. Fuata gango la swali la 9; wengi hupona baada ya kujifungua.

21. Vidole na midomo hufa ganzi ninapokumbuka mambo ya vita.

Hofu hufanya mtu apumue haraka, hewa chafu hupungua kupita kiasi katika damu, na vidole pamoja na midomo huanza kuchomwachomwa. Ni jambo halisi la mwili, si uongo wala udhaifu wa imani. Kutoa pumzi polepole kuliko unavyovuta hulituliza, na msaada wa mazungumzo hulitibu. Lakini kwa aliyepasuliwa tezi ya shingo, dalili hiyohiyo pamoja na mikono kukakamaa ni upungufu wa kalsiamu. Huyo apelekwe hospitali.

22. Mbwa aliniuma miezi miwili iliyopita, kidonda kimepona, sasa panachomwachomwa.

Nenda hospitali mara moja na useme habari ya mbwa mlangoni. Michomo mahali pa kidonda cha zamani inaweza kuwa mwanzo wa kichaa cha mbwa, na ugonjwa ukianza karibu hautibiki. Kwa aliyeumwa leo, njia iko wazi: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha anza chanjo siku hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

23. Nimepimwa kila kitu na hawakuona sababu.

Hutokea, hasa kwa wazee, na kipimo cha umeme kinaweza kuwa sawa wakati nyuzi nyembamba za neva ndizo zilizoumia. Ganzi hiyo mara nyingi huenda polepole. Tumia dawa za swali la 17 ikiwa zinahitajika, tunza miguu kama ilivyoelezwa katika swali la 19, weka matokeo yote katika bahasha moja, na urudie sukari na B12 baada ya miezi sita hadi mwaka. Rudi mapema zaidi ikiwa ganzi imeanza kupanda, imehamia upande mmoja, au nguvu za miguu zimepungua.